Kuongeza mzunguko wa sevo: mwongozo kamili kwa wanaounda majahazi madogo ya rimoti Lamu

Jahazi dogo la rimoti huhitaji sevo mbili, yaani viboksi vya umeme vinavyogeuza mkono mpaka kwenye pembe unayoiamuru. Ya kwanza hushika usukani, na hiyo haina taabu: usukani ukigeuka digrii 35 kila upande umetosha, ukizidi hapo unazuia mwendo tu. Ya pili hushika kamba ya demani, nayo ndiyo inayowasumbua vijana wengi hapa Lamu. Upepo ukija kwa nyuma, tanga lataka kulegezwa mpaka litoke nje ya ubavu. Chombo kikienda joshi, lataka kuvutwa mpaka libane. Kati ya hali hizo mbili kuna sentimita nyingi za kamba, na sevo ya kawaida ikishageuka digrii zake 90 imemaliza kazi ilhali tanga bado liko njiani.

Wengi huchukua njia ya mkato: wanafunga mkono mrefu zaidi juu ya sevo. Kamba inaongezeka kweli, lakini nguvu ya kuvuta inapungua kwa kiasi kilekile, na siku kusi inapovuma sawasawa sevo inalia tu, tanga halisogei. Mimi nasema ongeza pembe, mkono uache ulivyo. Pembe ikiongezeka unapata kamba zaidi bila kupoteza nguvu hata chembe. Kazi yenyewe haihitaji karakana: bisibisi ndogo, multimeta, chuma cha lehemu, rezista mbili (vijipande vinavyozuia sehemu ya umeme) na subira.

Kinachoisimamisha sevo

Kabla hujagusa bisibisi, elewa ndani ya kile kiboksi mna nini. Mna mota ndogo ya betri inayozunguka kwa kasi, msururu wa giya unaopunguza kasi hiyo na kuigeuza nguvu, bodi ndogo ya umeme, na potenshometa. Potenshometa ni rezista yenye shina linalozunguka. Ina miguu mitatu: miwili ya pembeni inapokea umeme, na wa kati unatoa voliti inayobadilika kadiri shina linavyogeuka. Shina hilo limeshikana na giya ya mwisho, ile inayobeba mkono. Kwa hiyo bodi, kwa kusoma voliti ya mguu wa kati, inajua mkono umeelekea wapi.

Amri inatoka kwenye risiva, yaani kipokezi cha rimoti kilichomo chomboni, kwa waya wa ishara. Ni mipigo ya umeme, mmoja kila milisekunde 20 hivi, na ujumbe uko kwenye upana wa mpigo. Maikrosekunde 1500 maana yake kaa katikati. Ukishuka kuelekea 1000 mkono unakwenda upande mmoja, ukipanda kuelekea 2000 unakwenda wa pili. Bodi inalinganisha upana wa mpigo na voliti ya potenshometa. Vikipishana, inaizungusha mota. Vikilingana, inaikatia umeme.

Basi kuna mambo matatu yanayoweza kuikomesha sevo. La kwanza ni ishara yenyewe, yaani rimoti haitumi mpigo mpana au mwembamba kupita kiasi fulani. La pili ni kizuizi, kinundu cha plastiki au pini ya chuma kwenye giya ya mwisho inayogonga ukingo wa kiboksi. La tatu ni potenshometa, kwa sababu nayo ina mwanzo na mwisho wake ndani. Kazi yote iliyobaki katika mwongozo huu ni kujua ni lipi kati ya hayo matatu linalokuzuia wewe. Nimeona sevo nzuri zikikatwa pini bila sababu, kumbe mwenye nayo angebadilisha namba mbili tu kwenye rimoti na kazi ikaisha.

Hesabu ya demani

Anza kwa tanga. Weka chombo mezani, funga foromali mahali pake, vuta tanga mpaka libane na utie alama kwenye kamba pale inapoingia sitahani. Kisha lisukume tanga mpaka mwisho wa kufunguka, utie alama ya pili. Umbali kati ya alama hizo ndio kamba unayohitaji. Ongeza sentimita moja, maana kamba mpya hurefuka ikivutwa.

Sasa upande wa sevo. Ikiwa tundu la kupitishia kamba liko mbali kidogo na sevo, na mkono unagawanya safari yake nusu huku na nusu huku, kamba unayoipata ni urefu wa mkono ukizidisha kwa 1.41 sevo ikigeuka digrii 90, kwa 1.73 ikigeuka 120, kwa 1.93 ikigeuka 150, na kwa 1.99 ikigeuka 170. Mkono wa milimita 60 basi unakupa milimita 85 kwa digrii 90, na karibu 120 kwa digrii 170. Angalia pia kwamba baada ya 170 hakuna faida tena. Digrii 180 zingekupa mara 2 kamili, na ukipita hapo mkono unaanza kuirudisha kamba uliyokwisha kuivuta. Kwa hiyo lengo letu ni 170.

Lipo jambo jingine ambalo kwangu lina uzito kuliko urefu wa kamba. Chombo kinapokwenda joshi ndipo demani inapokazwa sana na upepo unapovuta sana. Sevo ya digrii 90 inakuwa imesimama huku mkono wake ukiwa mshazari kwa kamba. Tuseme tanga linavuta kwa kilo 1 na mkono una sentimita 6: sevo inabebeshwa kama kilo-sentimita 4.2 (kipimo cha nguvu ya kuzungusha) muda wote, betri inanyonywa na kiboksi kinapata moto. Sevo ya digrii 170 mkono wake umekaribia kulala kwenye mstari mmoja na kamba, ukielekea upande wa pili wa tundu. Mvuto wote unapita katikati ya ekseli, na mzigo wa kuzungusha unashuka hadi karibu nusu kilo-sentimita. Sevo inakaa kimya. Pale katikati ya safari mzigo unafika kilo-sentimita 6, lakini hapo inapita tu, haikai. Mwenye kuona hilo mara moja, akashika kiboksi kwa kidole na kukikuta cha baridi, hatarudi kwenye mkono mrefu.

Pima kwanza

Toa mkono kwenye sevo, ubandike kipande cha kadi chenye alama za digrii kuzunguka ekseli. Rula ya pembe ya mwanafunzi ikitolewa nakala inafaa kabisa. Rudisha mkono na uuchonge ncha uwe mshale.

Umeme wa kupimia uwe wa pekee yake. Betri nne ndogo za kuchaji zinatoa voliti 4.8, na sevo nyingi zinaridhika na 4.8 hadi 6. Ukitumia Arduino, bodi ndogo ya kompyuta unayoiandikia programu, kutuma mipigo, usiilishe sevo kutoka kwenye bodi hiyo. Sevo ndogo tu ikikwama inavuta zaidi ya nusu ampea, na ile kubwa ya giya za chuma inavuta ampea 2 na zaidi. Unganisha hasi ya betri na hasi ya Arduino, la sivyo ishara haitaeleweka. Waya wa kahawia au mweusi ni hasi, mwekundu ni chanya, na wa rangi ya machungwa, njano au mweupe ndio wa ishara.

Tuma 1500 kwanza na usome kadi. Kisha 1450, 1400, na kuendelea kwa hatua za 50, ukiandika digrii kila mara. Sikiliza kwa sikio karibu. Sevo iliyofika mahali pake inanyamaza. Iliyogonga kizuizi inanguruma mfululizo, na hapo una sekunde chache tu za kurudi nyuma kabla mota haijaungua. Ukifika kwenye ngurumo, rudi 50 na uandike namba hiyo kuwa mwisho wa upande huo. Fanya vivyo hivyo upande wa pili.

Sevo nyingi zitakuonyesha digrii kama 90 kati ya 1000 na 2000, na nyingi kati ya hizo zitaendelea kutii mpaka karibu na 600 na 2400, zikikupa 160 au zaidi. Nyingine zinagoma mapema. Zile kubwa za giya za chuma aina ya MG996R hutajwa kuwa za digrii 120, lakini zimeigwa na viwanda vingi mno hata mbili za duka moja hazifanani. Usiamini maandishi ya pakiti, amini kadi yako.

Njia isiyofungua kiboksi

Kama kadi inaonyesha sevo inatii hadi 600 na 2400 bila kunguruma, basi tatizo ni rimoti peke yake. Ingia kwenye mipangilio yake, pale panapowekwa mwisho wa safari ya kila chaneli, upandishe kutoka asilimia 100. Rimoti zinazofika asilimia 150 zitakupa takriban 900 hadi 2100. Hizo ni digrii 108 kwa sevo ya 90. Ikiwa hesabu ya demani imetimia, ishia hapo hapo.

Ikiwa haijatimia, weka Arduino Nano kati ya risiva na sevo. Inasoma mpigo wa risiva na kutoa mwingine mpana zaidi. Waya wa ishara wa risiva uingie kwenye pini ya 2, wa sevo utoke pini ya 9, na hasi zote ziungane:

```
#include <Servo.h>
Servo demani;

void setup() {
  pinMode(2, INPUT);
  demani.attach(9, 600, 2400);
}

void loop() {
  unsigned long mpigo = pulseIn(2, HIGH, 30000);
  if (mpigo > 900 && mpigo < 2100) {
    mpigo = constrain(mpigo, 1000, 2000);
    demani.writeMicroseconds(map(mpigo, 1000, 2000, 600, 2400));
  }
}
```

Badilisha 600 na 2400 kwa namba zako ulizoandika wakati wa kupima, si zangu. Rimoti ikipotea hewani, na risiva ikaacha kutuma, programu hii inaliacha tanga lilipokuwa. Sevo inaweza kutetemeka kidogo sana kwa njia hii. Kwa demani si kitu.

Njia hii naipenda kwa sababu sevo ikifa unaweka nyingine na kuendelea. Ubaya wake ni kuongeza kifaa kingine chenye miguu mingi ya shaba ndani ya chombo kinachokwenda maji ya chumvi. Na haitasaidia lolote kwa sevo ambayo bodi yake inagoma kutii nje ya 1000 na 2000. Hapo ndipo unapofungua.

Rezista mbili

Kumbuka bodi inasoma voliti. Ukiweka rezista moja kwenye kila mguu wa pembeni wa potenshometa, sehemu ya voliti inaangukia kwenye rezista hizo, na kinachobaki kwa potenshometa ni kidogo. Kwa kila digrii moja ya kugeuka, mguu wa kati sasa unabadilika kidogo kuliko zamani. Bodi haijui hilo. Inaendelea kuizungusha mota mpaka ione voliti ileile iliyozoea, na ili iione, shina lazima ligeuke zaidi.

Kiasi chake ni hesabu ya darasani. Potenshometa za sevo mara nyingi ni za kiloomu 5, yaani omu 5000 za kuzuia umeme. Ukiongeza kiloomu 2.2 kila upande, jumla ni 9.4. Gawanya 9.4 kwa 5 upate 1.88. Sevo ya digrii 90 itageuka 169. Ukiongeza kiloomu 1.5 kila upande unapata mara 1.6, yaani 144. Kiloomu 1 kila upande ni mara 1.4, na hiyo ndiyo ya sevo ya digrii 120, itafika 168. Kwa namba nyingine, gawanya digrii unazotaka kwa digrii ulizonazo, toa 1, zidisha kwa thamani ya potenshometa, kisha gawanya kwa 2. Bodi nyingine zina rezista zao za ndani kwenye njia hiyo, kwa hiyo matokeo yanaweza kupishana na hesabu kwa digrii kadhaa. Ukizidi, weka rezista mbili za thamani ndogo kidogo.

Rezista za kiloomu 2.2 zina mistari nyekundu, nyekundu, nyekundu, za 1.5 kahawia, kijani, nyekundu. Za 1 kahawia, nyeusi, nyekundu. Unaweza kuzichomoa kwenye redio mbovu, au kuagiza kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, zikaja kwa basi mpaka Mokowe. Chukua kumi, uzipime zote kwa multimeta, uchague mbili zinazolingana zaidi. Usilipuuze hili. Rezista zikipishana, katikati ya sevo inahama, na tanga litafunguka zaidi ya linavyofunga.

Sasa fungua. Skrubu nne ndefu ziko chini ya kiboksi. Zilegeze zote kwanza, kisha simamisha sevo wima ekseli ikiwa juu, ndipo uinue kifuniko cha juu polepole. Piga picha ya giya kabla hujagusa hata moja. Giya mbili za katikati zinafanana kwa macho, na ukizipindua sevo haitafunga au itafunga na kusaga meno. Ziweke kwenye sahani kwa mpangilio uliozitoa, bila kufuta grisi yake.

Kwenye giya ya mwisho utaona kizuizi. Kwa SG90, ile sevo ndogo ya giya za plastiki, na wenzake ni kinundu cha plastiki kisichozidi punje ya mchele, kimetokeza ubavuni. Bado usikikate. Zungusha kwanza shina la potenshometa kwa vidole, taratibu, kutoka mwisho mmoja hadi wa pili, na upime pembe hiyo kwenye kadi. Ikiwa potenshometa yenyewe inaishia digrii 180, lengo la 170 linaingia, na hakuna nafasi ya zaidi. Ikiishia 150, punguza lengo mpaka 140 na uhesabu rezista upya. Potenshometa ikisukumwa kupita mwisho wake inavunjika ndani, na haitengenezeki.

Geuza kiboksi, utoe kifuniko cha chini. Bodi inatoka kwa kuvutwa kidogo. Tafuta nyaya tatu zinazokwenda kwenye potenshometa. Kuna sevo ambazo potenshometa yake imelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi bila nyaya. Hizo ziache, rudi kwenye njia ya Arduino, kwa sababu kuzibandua bila kung'oa njia za shaba ni kazi ya mkono uliozoea sana.

Kama zina nyaya, andika rangi za waya na mguu wa kila mmoja. Bandua nyaya mbili za pembeni tu. Wa kati usiguse. Hapo, nyaya zikiwa zimetoka, pima kati ya miguu miwili ya pembeni ili upate thamani halisi ya potenshometa yako. Ukipima bodi ikiwa imeungwa unasoma na vitu vingine. Rudia hesabu kwa thamani hiyo.

Kata miguu ya rezista ibaki milimita 4 hivi. Vipake lehemu vyote kabla ya kuviunganisha: mguu wa potenshometa, mguu wa rezista, ncha ya waya. Vikishapakwa, unavigusanisha tu na chuma cha moto kwa sekunde mbili, vinashikana. Ukikawia hapo joto linapanda hadi ndani ya potenshometa na kuharibu utando wake. Rezista moja mguu wa kushoto na waya wake wa zamani upande wa pili, rezista nyingine mguu wa kulia vivyo hivyo. Usibadilishane nyaya. Vika kila kiungo kijibomba cha plastiki kinachonywea kwa moto, kisha ulaze rezista kando ya mota pale penye nafasi, usiziache zikaminywa na kifuniko.

Sasa ndio wakati wa kizuizi. Kata kinundu kwa wembe mpya kidogo kidogo, mpaka sehemu hiyo iwe sawa na ubavu wa giya, umalizie kwa msasa mwembamba. Pini ya chuma ivutwe kwa koleo. Ikikataa, isuguliwe kwa tupa ukiwa umevaa miwani, na giya ioshwe vizuri baadaye, maana chembe moja ya chuma kwenye grisi inakula meno yote. Ukikata kizuizi, potenshometa ndiyo inayobaki kuwa kikomo, na haikuumbwa kubeba nguvu ya mota. Ndiyo maana namba za mwisho kwenye rimoti lazima ziwekwe na ziheshimiwe.

Kufunga na kuwasha

Kabla ya kurudisha giya, weka potenshometa katikati. Zungusha shina mpaka umbali wa mwisho huu na wa pili ulingane kwenye kadi. Rudisha giya kwa kufuata picha, ukiangalia giya ya mwisho ikae vizuri kwenye shina lenye ubapa. Kifuniko kiingie bila kulazimishwa. Kikikataa, kuna giya imekaa vibaya.

Washa kwa 1500 kwanza, mkono wa sevo ukiwa haujafungwa, na vidole vyako vikiwa kwenye plagi ya betri. Ikitulia karibu na katikati, endelea kwa hatua za 50 kama mwanzo, ukisoma kadi. Usiruke moja kwa moja hadi 1000. Namba zako za zamani hazina kazi tena, na ile rimoti uliyoipandisha asilimia irudishe 100, kwa sababu rezista na ishara pana zikifanya kazi pamoja zitaipeleka potenshometa kwenye ukuta wake.

Ikikimbia upande mmoja na kunguruma mara tu unapoiwasha, chomoa betri: nyaya mbili za pembeni zimebadilishana, na kila inapojaribu kujirekebisha inazidi kupotea. Ikigeuka sana upande mmoja na kidogo wa pili, rezista hazilingani, au potenshometa haikuwa katikati. Ikitetemeka bila kutulia, tazama kiungo cha lehemu chenye rangi ya kijivu isiyong'aa, ukiyeyushe upya. Ikitetemeka mahali pamoja tu na kwingine iko sawa, utando wa potenshometa umechakaa hapo, na sevo hiyo haifai.

Itazoeleka jambo moja: sevo iliyopanuliwa haiko makini kama ya mwanzo. Kila bodi ina kiasi kidogo cha mabadiliko isichokijali, kama maikrosekunde 10 kwa SG90. Hiyo ilikuwa chini ya digrii 1, sasa ni digrii 1.7 hivi. Kwa tanga haionekani. Kwa usukani inaonekana, chombo kinayumbayumba, kwa hiyo sevo ya usukani iache kama ilivyotoka dukani. Na kwa ndege ya rimoti usifanye kazi hii kabisa. Kiungo cha lehemu kikiachia, chombo cha baharini kinasimama, ndege inaanguka juu ya watu.

Ukitaka zaidi ya nusu mzunguko

Kwa jahazi lenye urefu wa mita na zaidi, mkono hautoshi, unataka gurudumu la kukunja kamba. Hapo potenshometa ya ndani inabadilishwa kwa ile ya mizunguko 10, ambayo inafungwa nje na kuungwa na gurudumu kwa giya. Au nunua sevo iliyotengenezwa kwa kazi ya tanga tangu mwanzo, inayozunguka mara tatu na nusu au zaidi. Kwa maoni yangu kununua ni bora, kwa sababu potenshometa ya nje inataka kufungwa imara sana na chumvi inaipata kirahisi.

Wengine wanaondoa potenshometa kabisa na kuweka rezista mbili sawa mahali pake. Sevo hiyo inazunguka bila kikomo, ila haijui tena imeelekea wapi; unaiamuru kasi tu. Inafaa kwa magurudumu ya roboti. Kwa demani haifai, kwa sababu hutajua tanga limefunguka kiasi gani.

Njia ya katikati ni kapi. Funga kapi ndogo kwenye ncha ya mkono, kamba itoke kwenye tanga, ipite ndani ya kapi, irudi ifungwe sitahani. Kamba inayopatikana ni mara mbili, na nguvu ya kuvuta ni nusu. Kwa tanga jepesi na sevo yenye nguvu ni njia safi, haina lehemu wala namba.

Chumvi

Sevo iliyofunguliwa haiwi kavu kama ya kiwandani, na hewa ya hapa haihitaji maji kuingia ili iharibu. Viungo vipya vya lehemu vipake rangi ya kucha isiyo na rangi, tabaka mbili, huku ukihakikisha haifiki kwenye shina la potenshometa. Ukingo wa kiboksi uzibe kwa silikoni, ila angalia aina yake. Silikoni inayonuka siki inatoa asidi inapokauka, na asidi hiyo inakula shaba ndani ya kiboksi ulichokifunga kwa mikono yako. Tafuta isiyonuka siki. Kwenye ekseli weka grisi nzito chini ya mkono, uifute na kuipaka mpya kila baada ya siku chache za kutia chombo majini.

Jaribio la kwanza lifanyike kwenye birika la nyumbani au beseni kubwa, maji matamu, ukivuta tanga kwa mkono kana kwamba ni upepo. Ukitoka hapo, chagua maji yakiwa yamepwa na upepo mdogo, pwani ya Shela mahali unapoweza kulifikia jahazi kwa miguu likikwama. Mkirudi, suuza chombo kwa maji matamu, fungua sitaha likae wazi upeponi, na kwa kalamu ya wino mzito andika juu ya sevo namba zake mpya za mwisho na thamani ya rezista ulizoweka, ili fundi atakayeifungua baada yako asiidhanie kuwa ni ya dukani.